Kadi Mbili, Skrini Moja

Mwaka 1998, mpenzi wa magemu aliyetaka kompyuta ya kuwatambia wenzake alihitaji kadi tatu za grafiki ndani ya boksi moja. Ya kwanza ilikuwa ya shughuli za kawaida: kuonyesha Windows, barua na majedwali. Nyingine mbili ziliitwa Voodoo2, na hazikujua kazi nyingine isipokuwa kuchora ulimwengu wa pande tatu wa magemu kama Quake II na Unreal. Waya mfupi bapa uliziunganisha Voodoo2 hizo ndani ya boksi. Kebo nyingine ilipita nje, nyuma ya kompyuta, ikitoa picha kwenye kadi ya kawaida na kuipitisha kwenye Voodoo kabla haijafika kwenye skrini. Gemu likianza, Voodoo ziliishika skrini. Likiisha, ziliirudisha kwa mwenyewe.

Aliyeuza mpango huo ni 3dfx, kampuni ya San Jose, California, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wahandisi ambao miongoni mwao walikuwemo Ross Smith, Gary Tarolli na Scott Sellers. Voodoo2 moja yenye memori ya MB 12 iliuzwa kwa takriban dola 300. Ikiwa peke yake, picha yake kubwa kabisa ilikuwa ya pikseli 800 kwa 600. Zikiwa mbili, picha ilifika pikseli 1024 kwa 768, na kasi ya kuchora ilikaribia kuongezeka maradufu. Siri yake ilikuwa nyepesi: picha ya skrini ni mistari iliyopangwa kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kadi moja ilichora mistari ya shufwa na ya pili ikachora ya witiri. 3dfx waliuita mtindo huo Scan-Line Interleave, kwa kifupi SLI.

Gemu lenyewe halikuwa na habari kwamba kadi zilikuwa mbili. Vyuma viligawana mistari, vikakutanisha nusu mbili za picha, vikatoa fremu moja iliyokamilika. Mchezaji alilipa dola 600, akafunga boksi, akaanza kucheza.

Tangu hapo kila kizazi cha wachezaji kimeuliza swali lile lile dukani: ninunue kadi moja kubwa au mbili za wastani? Mara nyingi jibu limetafutwa kwenye bei na kwenye idadi ya fremu kwa sekunde. Lakini ukiifuata historia ya kadi pacha kwa zaidi ya miaka ishirini, unaona kwamba hatima yake iliamuliwa na jambo lililozungumzwa kwa nadra sana: nani anabeba kazi ya kuzipatanisha. Mwanzoni ilibebwa na vyuma. Baadaye ikaangukia waandishi wa draiva, programu inayoiendesha kadi. Mwishoni ikasukumwa kwa watengenezaji wa magemu, na hao hawakuwa na sababu ya kuipokea.

Sloti moja tu

Ufalme wa 3dfx haukudumu. Mwishoni mwa 1998 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inainunua STB Systems, mtengenezaji wa kadi wa Texas aliyekuwa na kiwanda Ciudad Juárez nchini Mexico. Kuanzia hapo ilitaka kutengeneza na kuuza kadi zake yenyewe. Makampuni yaliyokuwa yakinunua chipu zake yakajikuta yanashindana na muuzaji wao, na Nvidia, jirani wa Santa Clara, alikuwa tayari kuyapokea. Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256, chipu iliyochukua hata baadhi ya hesabu za maumbo na mwanga zilizokuwa zikifanywa na prosesa ya kompyuta.

Wakati huo huo mazabodi zilikuwa zimebadilika. Voodoo2 zilichomekwa kwenye sloti za PCI, ambazo kompyuta ilikuwa nazo kadhaa. Kadi mpya zilitumia AGP, njia yenye kasi zaidi iliyotengenezwa mahususi kwa grafiki, na mazabodi ya kawaida ilikuwa na sloti moja tu ya AGP. Aliyetaka nguvu maradufu alilazimika kubandika chipu mbili juu ya kadi moja.

ATI ya Canada, yenye makao yake Markham, Ontario, ilijaribu mwishoni mwa 1999 kwa kadi iliyoitwa Rage Fury MAXX. Chipu zake mbili hazikugawana mistari. Moja ilichora fremu nzima ya kwanza, ya pili fremu nzima iliyofuata, kisha zamu ikarudi kwa ya kwanza. Kadi ilitangazwa kuwa na memori ya MB 64, lakini kila chipu ilikuwa na MB 32 zake na nakala yake ya vitu vile vile, kwa hiyo gemu lilipata nafasi ya MB 32 tu. Tatizo kubwa zaidi lilikuja na Windows 2000, ambayo haikuweza kuzitumia chipu mbili zilizokaa kwenye sloti moja ya AGP. Mwenye MAXX akabaki na Windows 98.

3dfx nayo ilijibu mwaka 2000 kwa Voodoo5 5500, yenye chipu mbili na bei ya dola 299. Ilipanga pia kutoa Voodoo5 6000, yenye chipu nne na pawa saplai yake ya pembeni ya kuchomeka ukutani. Hiyo haikufika madukani. Iliishia kwenye vielelezo vya majaribio ambavyo leo wakusanyaji wa vyuma vya zamani wanavigombania. Mnamo Desemba 2000, 3dfx ilikubali kuiuzia Nvidia mali zake muhimu, zikiwemo hataza na jina la biashara. Ndani ya furushi hilo zilikuwemo zile herufi tatu, SLI.

Nvidia yarejesha jozi

Njia ilifunguka tena mwaka 2004, PCI Express ilipoanza kuchukua nafasi ya AGP. Sloti za mfumo huu zilikuwa za aina moja, na hakuna kilichozuia mazabodi kuwa na mbili ndefu. Nvidia ikaifufua SLI, safari hii ikisimama badala ya Scalable Link Interface. Kadi mbili za GeForce 6800 au 6600 GT ziliwekwa sambamba, na kidaraja kidogo cha sakiti kikachomekwa juu yake kuziunganisha. Kwenye baadhi ya mazabodi za mwanzo za nForce4 SLI, mwenye kompyuta alilazimika kuchomoa kijibodi kidogo katikati ya sloti na kukigeuza, ili njia 16 za data zigawanywe nane kwa nane.

Hesabu ya bei ilianza kuwasumbua watu siku hiyo hiyo. GeForce 6600 GT ilitoka kwa karibu dola 200. Mbili zilikuwa karibu dola 400, bei ile ile ya 6800 GT moja. Katika baadhi ya magemu jozi ilikwenda sambamba na kadi kubwa au kuipita. Lakini 6800 GT ilikuwa na memori ya MB 256 dhidi ya MB 128 za 6600 GT, na kwa kuwa kila kadi ilihifadhi nakala yake, MB 128 mbili zilibaki kuwa MB 128. Zaidi ya hapo, kadi kubwa ilifanya kazi kwa kila gemu. Jozi ilifanya kazi kwa magemu yaliyokuwemo kwenye orodha.

Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa badiliko kubwa kuliko yote. Magemu ya 2004 hayakuwa yale ya 1998. Vivuli, maji na miale ya mwanga vilihitaji picha kuchorwa mara kadhaa na kuchanganywa kabla ya kuonyeshwa, na mgawo wa mistari ya shufwa na witiri haukufaa tena. Nvidia ilitumia njia mbili: kukata fremu moja vipande viwili, au kupokezana fremu kama ilivyofanya MAXX. Kupokezana ndiko kulikoleta kasi zaidi, ila si kila gemu lilikubali. Hivyo waandishi wa draiva wa Nvidia walikaa na gemu moja baada ya jingine, wakapima njia inayolifaa, kisha wakaiandika ndani ya draiva kama wasifu wa gemu hilo. Gemu jipya lisilo na wasifu wake mara nyingi lilitumia kadi moja, na ya pili ikakaa bila kazi. Aliyenunua gemu siku ya kutoka kwake mara nyingi alisubiri draiva mpya ndipo anufaike na dola 200 za pili.

ATI haikukaa kimya. Mwaka 2005 ilileta CrossFire, mfumo wake wa kadi mbili, na hapo ikaonekana dhahiri kwamba ilikuwa ikimkimbiza mwenzake. Mnunuzi wa Radeon X850 alihitaji kadi ya pili maalumu, toleo la CrossFire, na kebo nene iliyotoka nyuma ya kadi moja na kuingia nyuma ya nyingine. Kipande kilichokutanisha picha kilikuwa na kikomo: katika pikseli 1600 kwa 1200, skrini ilionyesha upya mara 60 tu kwa sekunde, jambo lililowakera wenye skrini kubwa za kioo za wakati ule. Hitilafu hizo zilirekebishwa katika vizazi vilivyofuata, na mwaka 2006 ATI ikanunuliwa na AMD kwa takriban dola bilioni 5.4.

Gemu lililozishinda kadi zote

Novemba 2007, studio ya Crytek ya Frankfurt, Ujerumani, ilitoa Crysis. Misitu yake, majani yanayotikisika na mwanga unaopenya matawini vilikuwa vizito kiasi kwamba GeForce 8800, kadi zilizotamba wakati huo, hazikuweza kuonyesha ubora wa juu kabisa kwenye skrini kubwa bila kukwama. Mwezi uliofuata Nvidia ikaruhusu kadi tatu ndani ya kompyuta moja.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo iliyokuwa msimu wa mavuno wa kadi pacha. AMD ilikuwa imeamua kuacha mashindano ya chipu kubwa. Juni 2008 ilitoa Radeon HD 4850 kwa dola 199 na HD 4870 kwa dola 299, zenye chipu ndogo na ya bei nafuu kuitengeneza, wakati Nvidia ilikuwa inauza GTX 280 kwa dola 649. Nvidia ilishusha bei ya GTX 280 hadi dola 499 ndani ya wiki chache. Kwa wateja wa juu, AMD ilibandika chipu mbili kwenye kadi moja na kuiita HD 4870 X2, iliyotoka Agosti mwaka huo kwa dola 549. Jozi sasa haikuwa anasa ya wachache. Ilikuwa sehemu ya mkakati wa kampuni: chipu moja ya wastani kwa watu wengi, chipu hiyo hiyo mara mbili kwa wenye fedha. Nvidia ikajibu Januari 2009 kwa GTX 295, nayo ikiwa na chipu mbili.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo ngazi ya chini. Mwaka 2010 Nvidia ilitoa GTX 480, kadi yenye nguvu lakini iliyolalamikiwa kwa joto na kelele za feni, kwa dola 499. Miezi michache baadaye ikaja GTX 460 kwa kati ya dola 199 na 229. Mbili kati ya hizo ziliipita 480 katika magemu mengi, kwa bei ya chini kidogo. Mtu aliyejenga kompyuta mwaka ule na kununua pawa saplai ya kutosha hakuwa mjinga alipochagua mbili. Wengi pia walikuwa na mpango wa hatua mbili: kununua moja leo, kisha kuongeza mwenzake bei ikishuka.

Mpango huo wa hatua mbili ulikuwa na mtego. Baada ya miaka miwili kadi ya zamani ilikuwa adimu madukani, na kwa fedha za kuuza ya kwanza pamoja na bei ya ya pili, mara nyingi ilipatikana kadi moja mpya yenye memori zaidi, umeme mdogo zaidi na uwezo wa kuendesha teknolojia mpya za Windows.

Mwendo usio sawa

Wenye jozi walikuwa na lalamiko moja lililorudiwa mwaka hadi mwaka, na kwa muda mrefu lilionekana kuwa hisia tu. Kipimo kilisema fremu 60 kwa sekunde, lakini jicho liliona mchezo wa fremu 30 au 40. Wajerumani na Wamarekani walilijadili kwa kina. Wengine waliwaambia kwamba macho yao yanawadanganya.

Chanzo kilikuwa kupokezana fremu. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja hufanikiwa kwa kupishana sawasawa: mchi mmoja ukipanda, wa pili unashuka. Michi ikishuka karibu kwa pamoja, mapigo ni yale yale kwa dakika, lakini kila jozi ya mapigo inafuatwa na kimya. Kadi mbili zilifanya hivyo. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapaswa kukaa milisekunde 16.7. Moja ikikaa milisekunde 5 na inayofuata 28, wastani unabaki ule ule, lakini mchezaji anaishi ndani ya zile 28.

Septemba 2011, Scott Wasson, mhariri wa jarida la Tech Report nchini Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza kuachana na wastani wa fremu kwa sekunde na kupima muda wa kila fremu peke yake. Grafu zake zilionyesha meno ya msumeno pale ambapo kadi pacha zilikuwa zikisifiwa. Mwaka 2013 kipimo kilikwenda mbali zaidi. Kwa kutumia programu ya Nvidia iliyoitwa FCAT, wachunguzi wa majarida ya PC Perspective na Tech Report waliweka ukanda wa rangi tofauti pembeni mwa kila fremu, wakairekodi picha iliyotoka kwenye kebo ya skrini kwa kompyuta nyingine, kisha wakahesabu rangi.

Matokeo yaliiumiza AMD. Katika baadhi ya magemu, nusu ya fremu zilizohesabiwa za CrossFire zilikuwa vipande vyembamba vya mistari michache juu ya skrini, na nyingine hazikuonekana kabisa. Kipimo cha kawaida kilikuwa kimezihesabu zote. Mnunuzi wa kadi mbili za Radeon alikuwa amelipia fremu ambazo hakuna jicho lililoziona. Nvidia ilikuwa na mfumo wa kuchelewesha fremu kidogo ili zipishane sawa, na mwenendo wake ulikuwa nafuu zaidi, ingawa haukuwa safi kama wa kadi moja.

Katikati ya mkasa huo, Aprili 2013, AMD ilitoa Radeon HD 7990 yenye chipu mbili kwa dola 999. Agosti ilitoa draiva iliyopanga mpishano wa fremu, na Oktoba ikaleta R9 290X ambayo haikuhitaji tena kidaraja: picha zilipita moja kwa moja kwenye PCI Express. Ugonjwa ulitibiwa kwa sehemu kubwa, lakini imani ilikuwa imepungua. Wasson mwenyewe baadaye aliacha uandishi na kujiunga na AMD.

Aprili 2014 AMD ilitoa R9 295X2: chipu mbili, kipoza joto cha maji kutoka kiwandani, wati 500 na bei ya dola 1,499. Nvidia nayo ilileta Titan Z ya dola 2,999. Katika magemu ile ya AMD ilikwenda nayo sambamba au kuipita, kwa nusu ya bei. Baada ya hapo Nvidia haikutoa tena kadi ya magemu yenye chipu mbili.

Kazi yasukumwa kwa wengine

Septemba 2014 GTX 970 ilitoka kwa dola 329, na kompyuta nyingi zilizojengwa miezi ile ziliwekwa mbili. Juni 2015 ikaja GTX 980 Ti kwa dola 649, takriban bei ya jozi ya 970. Katika gemu lenye wasifu mzuri, jozi ilishinda. Katika gemu lisilo na wasifu, 980 Ti ilishinda kwa mbali, na ilikuwa na memori ya GB 6 dhidi ya GB 4 za jozi. Mizani hiyo ilikuwepo tangu 2004. Kilichobadilika ni idadi ya magemu ya upande wa pili.

Studio zilikuwa zimeanza kutumia mbinu za kulainisha kingo za picha kwa kuchanganya fremu ya sasa na ile iliyopita. Kwa kadi moja hilo ni jepesi, kwani fremu iliyopita iko kwenye memori yake. Kwa kadi mbili zinazopokezana, fremu iliyopita imechorwa na jirani. Ama data ihamishwe na kadi ingoje, ama picha iharibike. Vivuli, ukungu na miakisi ya mwanga navyo vikaanza kutegemea yaliyohesabiwa fremu moja nyuma. Hakuna wasifu wa draiva ulioweza kuficha utegemezi huo, kwa sababu ulikuwa ndani ya gemu lenyewe.

Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 na DirectX 12. Mfumo huu uliwapa watengenezaji wa magemu mamlaka kamili juu ya kila kadi iliyomo ndani ya kompyuta. Hata kadi ya AMD na ya Nvidia ziliweza kufanya kazi pamoja, na gemu la mkakati la Ashes of the Singularity lilithibitisha hilo kwa vitendo. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, AMD ililitumia gemu hilo hilo kuinadi RX 480 ya dola 199. Ilisema mbili, kwa chini ya dola 500, zilifika fremu 62.5 kwa sekunde dhidi ya 58.7 za GTX 1080, kadi ambayo bei yake ilianzia dola 599.

Ilikuwa hesabu ya kuvutia, na ilikuwa ya gemu moja. Mamlaka yaliyotolewa na DirectX 12 yalikuja na mzigo wake wote. Mgawo wa kazi, uhamishaji wa data na mpishano wa fremu vilikuwa sasa vya studio. Studio ilikuwa na wateja wa kompyuta zenye kadi moja, wateja wa PlayStation 4 na wa Xbox One, na kiasi kidogo cha wenye jozi. Kuandika na kujaribu njia ya pili ya kuchora kwa ajili ya kundi hilo kulihitaji wahandisi na miezi.

Warner Bros. ilitoa jibu la wazi Februari 2016. Batman: Arkham Knight, gemu lililoondolewa sokoni kwa miezi kadhaa mwaka 2015 kwa sababu ya hitilafu za toleo lake la kompyuta, lilikuwa limeahidiwa kuwezeshwa kwa kadi mbili. Kampuni ikatangaza kwamba imeachana na mpango huo, kwa kuwa hatari ya kuwaletea wachezaji wote matatizo mapya ilikuwa kubwa mno. Magemu machache yaliendelea kubeba mzigo, na baadhi yaliubeba vizuri: Rise of the Tomb Raider, Sniper Elite 4 na Strange Brigade. Orodha haikukua.

Watengenezaji wa chipu walisoma upepo. GTX 1060 ya 2016 ilitoka bila sehemu ya kuchomeka kidaraja, na mnunuzi wa kawaida, ndiye hasa aliyewahi kunufaika na jozi za bei nafuu, akawa ametolewa nje. Msaada wa kadi tatu na nne kwa magemu ulikatwa kizazi hicho hicho. Mwaka 2017 AMD iliacha kulitumia jina CrossFire kwa kadi zake mpya. Mwaka 2018 Nvidia ilibadilisha kidaraja na kuleta NVLink chenye kasi zaidi, kilichouzwa peke yake kwa dola 79. Mwaka 2020, katika familia nzima ya RTX 30 ya wachezaji, kadi moja tu ndiyo iliyobaki na nafasi ya kidaraja hicho: RTX 3090 ya dola 1,499. Nvidia ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaandika tena wasifu mpya wa SLI. Gemu litakalotaka kadi mbili litajipangia lenyewe. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022, sehemu ya NVLink haikuwepo tena.

Nje ya magemu

Kadi nyingi ndani ya boksi moja zilinawiri mahali pengine katika miaka hiyo hiyo. Wachimbaji wa Ethereum walipanga kadi sita au nane kwenye fremu za chuma hadi Septemba 2022, mfumo huo ulipoacha kuhitaji uchimbaji. Wasanii wa Blender hugawa picha za filamu zao kwa kadi mbili au nne na kumaliza kazi mapema. Wanaoendesha modeli za lugha nyumbani waliigeukia 3090, kwa sababu mbili huwapa GB 48 za memori: modeli hukatwa vipande, na kila kadi hubeba tabaka zake bila kunakili za mwenzake. Katika kazi hizi hakuna skrini inayongoja fremu kila milisekunde 16, na waandishi wa programu wana sababu ya kibiashara ya kugawa mzigo.

Kwa mchezaji wa leo mwenye dola 600 au 1,000, hesabu imekuwa fupi. Kadi mbili za wastani zitampa kasi ya moja katika karibu kila gemu jipya, zitakula umeme zaidi, na zikifanya kazi pamoja, ya juu itavuta hewa ya moto inayotoka kwa ya chini. Kadi nyingi za sasa ni nene kiasi cha kuziba sloti mbili au tatu, na mazabodi nyingi za kawaida huipa sloti ndefu ya pili njia nne tu za data.

Bado kuna watu wanaochomeka kadi ya pili, kwa kazi nyingine kabisa. Programu ya Lossless Scaling, inayouzwa kwenye Steam, hubuni fremu za ziada kati ya zile zilizochorwa na gemu. Wapenzi wake wamekuwa wakiiachia kadi kubwa ichore gemu, na kadi ndogo, mara nyingi ya zamani iliyokuwa imewekwa kabatini, ifanye ubunifu huo. Kadi hizo si lazima zifanane, wala ziwe za kampuni moja, na gemu halihitaji kuandikwa upya. Gharama yake ni kuchelewa kidogo kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo, na njia nne za data huanza kubana skrini ya 4K inapotaka fremu nyingi. Kebo ya skrini huchomekwa kwenye ile kadi ndogo. Mwenye kuisahau kwenye kadi kubwa huona kasi ikishuka, kwa sababu kila fremu inalazimika kuvuka PCI Express mara mbili.